Baba Mkwe na Tawi la Tatu

Baba mkwe wangu mpendwa,

Kambini, enzi za ukimbizi, barua zilianza kwa kuuliza hali ya mpokeaji, halafu mwandishi anajisifu kwamba yeye hajambo, hofu ni kwako uliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo. Hali yako naijua. Nilikuwa mmoja wa walioshika koleo siku ile Louisville, na ardhi ilikuwa imeganda hadi mikono ikatuuma. Jina lako pia silitaji, maana kwenu Burundi mkwe halitamki jina la baba wa mkewe, na miiko ya kwenu nimeshaivunja ya kutosha.

Nina habari ya kukupa. Itakuja mwisho, kwa sababu ulisema mwenyewe kwamba Mkongomani hafiki mlangoni kabla ya kuzunguka nyumba yote. Nakuomba uvumilie tu, na usinicheke Kiswahili changu. Najitahidi kuandika kile cha Kasulu mlichojifunza kambini, si hiki chetu cha Uvira, ulichosema kimetoka nyumbani bila viatu.

Unakumbuka siku nilipokuja Louisville mara ya kwanza? Nilikuwa nimefahamiana na binti yako Jeanine kwenye mkutano wa kwaya pale Columbus, yeye akiimba sauti ya kwanza na mimi nikibeba spika, na tangu hapo simu zetu hazikupoa. Niliendesha gari kutoka Buffalo na shati jeupe limetundikwa dirishani lisikunjike, nikalivaa kwenye choo cha kituo cha mafuta karibu na kwenu. Ulinipokea bila kucheka wala kununa. Ukanipa chai, ukaniuliza nafanya kazi gani. Nikakueleza kiwanda cha Tonawanda, nikaeleza mashine, nikaeleza shifti, nikaeleza habari za msimamizi na tabia zake, nikafika mpaka kwenye theluji. Ulinisikiliza chai yako yote ikapoa. Kisha ukasema, "Haya, twende nikuonyeshe kitu," na mimi nikadhani unanitoa nje kistaarabu.

Ngoja nikuambie jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai. Baba yangu aliuawa Uvira nikiwa bado sijaota meno ya pili. Neno "baba" nilikuwa nalitumia kwa wachungaji na kwa wazee wa watu wengine, basi. Nilipokaa kwenye kochi lako nikaona unavyommiminia Jeanine maziwa bila kumuuliza kiasi, kwa sababu unakijua, wivu ulinishika. Kweli nilikuja Louisville kuomba mke, lakini nilikuja pia na njaa nyingine. Nilitaka uwe baba yangu, si baba mkwe wa heshima na salamu za mbali. Nilitaka uniite mwanao.

Ulinipeleka nyuma ya kiwanda ulichokuwa unafanya kazi, kile cha kutengeneza paleti za mbao. Kati ya uzio na reli kulikuwa na mti mmoja mrefu uliosimama wima. Chini yake yalikuwa yametapakaa maganda ya miiba ya mwaka uliopita, yaliyochakaa kama nungunungu waliokufa. Ukaushika mti ule kwa kiganja chote, ukasema, "Huu ni chesnati. Na si chesnati ya dukani. Huu ndio mwenyeji wa nchi hii, na wamebaki wachache."

Hapo ndipo ulipoanza kuongea, na nikagundua kwamba kumbe unaweza. Ulinieleza kwamba zamani misitu ya upande huu wote ilijaa chesnati hizo, wanyama wakila kokwa zake, watu wakila, mbao zikijenga nyumba. Kisha ikaletwa miti ya chesnati kutoka Asia, na ndani ya magome yake kuvu, ugonjwa ambao miti ile ya Asia ilikuwa imeuzoea na ya hapa haijawahi kuuona. Miti ya hapa ikafa, mlima kwa mlima. Uliyaeleza hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza msiba wa jirani. Ukanifundisha pia kutofautisha. Chesnati ya Kichina jani lake ni pana na nene, linang'aa kama limepakwa mafuta, na meno ya pembeni ni mafupi. Mti wenyewe hutanuka chini kama mtu aliyekaa kupiga soga. Mwenyeji jani lake ni refu, jembamba kama karatasi, halina mng'ao, na kila jino limejipinda kama ndoano. Nao mti hupanda juu. Na katikati yao, ukasema, wapo chotara, ambao huchukua kwa huyu na kwa yule, na hao ndio wanaowapoteza watu.

Nilijua kutoka kwa Jeanine kwamba kambini Mtabila ulikuwa na kazi kwenye kitalu cha miti. Ulikuwa unaotesha miche ya kupandwa pale watu walipokata kuni zote. Kwa hiyo sikushangaa kwamba unaujua mti. Nilichoshangaa ni furaha yako. Ulikuwa umeupata peke yako, wakati wa mapumziko ya chakula, bila kuonyeshwa na mtu. Waumini wa kanisani kwenu wote walikuwa wameshapelekwa kuuona, wengine mara mbili. Mchungaji wenu alikuwa ameugeuza mahubiri, eti wageni na wenyeji katika bustani ya Bwana, na wewe uliniambia kwamba ulikaa kwenye benchi umeudhika. "Mti ni mti," ulisema. "Mimi nilitaka kujua jina lake tu."

Nikarudi Buffalo nikiwa nimeambukizwa. Kazini kwetu kulikuwa na Mzungu mmoja mtu mzima, Walt, mzaliwa wa Lackawanna, ambaye baba yake alifanya kazi ya chuma wakati viwanda vya chuma bado vinawaka. Walt alikuwa anatumia Jumapili zake msituni. Nikamwambia habari za chesnati nikidhani namshangaza, naye akaniletea kesho yake majani kwenye mfuko wa mkate. Akanifundisha yale yale uliyonifundisha, ila akaongeza jambo moja. Alisema usiamini umbo la jani peke yake, maana chotara anaweza kuwa na jani refu na ndoano kamili. Geuza jani. Upande wa chini wa mwenyeji ni mtupu, hauna kinyweleo. Wa Kichina una manyoya laini, na chotara mara nyingi hubaki nayo kidogo, hata kwenye kijiti chake kichanga. Na vidole havitoshi, alisema, hasa vidole vyetu sisi wa viwandani. Akaligeuza jani, akalipitisha taratibu juu ya mdomo wake wa juu. Na mimi nikafanya hivyo, katikati ya kiwanda, watu wakitutazama kama wendawazimu.

Basi ikafika siku ya kuposa. Mlikubaliana ifanyike Whitehall, pembeni mwa Columbus, kwa dada yako, Shangazi Godelive, kwa sababu Columbus iko katikati, nanyi mtoke Louisville sisi tutoke Buffalo. Shangazi alikuwa ameondoa vitanda vyote ili viti vitoshe. Akina mama walikuwa jikoni na kuku na maharage, na watoto walifungiwa chumba kimoja na televisheni, wakijibu kwa Kiingereza kila walipoitwa kwa Kiswahili. Mimi nilikaa upande wa dirisha nikiwa nimefunga tai, na mshenga wangu alikuwa binamu yangu Floribert, ambaye ulimi wake unaweza kumuuzia samaki mvuvi.

Floribert alianza vizuri. Alisimama, akafuta jasho, akasema, "Bon, baba, sisi tulikuwa tunapita tu, tukaona kwenu kuko ua moja ya muzuri, donc tukasema tuingie, tuulize mwenye shamba." Watu wakacheka, wenu na wetu. Kwa desturi hapo ndipo wanapotolewa wasichana waliofunikwa vitenge, mmoja mmoja, na upande wa bwana harusi unakataa, huyu siye, huyu siye, mpaka atoke mwenyewe. Akina mama walishajiandaa. Lakini wewe ulinyanyua mkono, ukaenda mlangoni, ukarudi na ndoo.

Ndoo ile Jeanine alikuwa ameishikilia katikati ya magoti njia nzima kutoka Louisville, na maji yamemlowesha sketi. Ndani yake mlikuwa na matawi matatu yenye majani mabichi. Uliyatoa moja moja ukayaweka mezani, ukasema mbele ya wote: "Msichana aliyefunikwa ni rahisi, hata viatu vinamtoa. Kijana, haya ni matawi ya chesnati. Moja ni la mti mwenyeji wa nchi hii. Ukilitambua, binti ni wako na mimi sina neno tena. Ukikosea, mtakula chakula chetu, mtarudi Buffalo, na tutaonana mwakani."

Nilitabasamu, baba. Unajua kwa nini? Jeanine alikuwa ameshaniambia kwenye simu. La tatu, alisema, lile la mti wa nyuma ya kiwanda, baba atalitoa mwisho. Hata bila hivyo ningelijua, maana ulinipeleka mwenyewe mpaka kwenye shina lake. Nilikuwa nasadiki, na bado nasadiki, kwamba ulinionyesha mti ule kusudi nisije nikashindwa. Uliniwekea daraja, na kazi yangu ilikuwa kulivuka tu.

Tawi la kwanza lilikuwa la Kichina, hata mtoto angeliona, jani linang'aa na kunenepa. La pili chotara wa wazi, ulisema baadaye kwamba ulilikata kwa jirani. La tatu nikalichukua kwa mikono miwili kwa heshima. Jani refu, jembamba, ndoano zote mahali pake. Watu wakaanza kuguna kwa furaha. Na mimi, kwa mazoea tu yetu mimi na Walt kule Tonawanda, nikaligeuza jani na kulipitisha juu ya mdomo.

Lilikuwa na manyoya. Kidogo sana, laini mno, kando ya mishipa ya jani. Nikajaribu jani la pili na la tatu, kisha kijiti. Vilevile. Mti wako ulikuwa chotara.

Nikainama kwa Floribert, maana mimi sikuruhusiwa kusema, mshenga ndiye msemaji. Nikamnong'oneza. Floribert akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye sahani, akaninong'oneza naye: "Wee, chagua ile ya tatu, tukule. Watu wako na njaa." Nikamwambia siwezi. Akasema yeye basi hatasema upuuzi huo kwa kinywa chake, akakaa.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikunyamaza. Jeanine ameniuliza, na yeye huuliza vizuri kuliko polisi. Sina jibu la kishujaa. Niliogopa. Lakini niliona kwamba nikikubali tawi lile nitapata mke, na wewe nitakukosa. Kila mara ambapo ungempeleka mtu nyuma ya kiwanda na kuukumbatia mti ule, mimi ningekuwa nimesimama pembeni najua, nanyamaza, nakutendea kama mzee wa kubembelezwa. Mtoto hamfanyii baba yake hivyo. Mgeni ndiye hufanya hivyo, mgeni mwenye adabu.

Nikasimama mwenyewe. Nikasema, "Baba, ninayemtafuta hayupo hapa."

Watu waliangua kicheko, kwa sababu ndivyo inavyosemwa kwa wale wasichana wa vitenge, na walidhani nachezea desturi. Wewe peke yako hukucheka. Ulilichukua tawi kutoka mikononi mwangu, ukaligeuza jani, ukalisugua kwa kidole gumba. Ukasema kwa upole kabisa, "Hili ni laini, kijana. Halina kitu."

Nikakiangalia kidole chako. Miaka ya jembe na panga, na juu yake miaka ya mbao na misumari. Ngozi ya pale ilikuwa imekufa zamani. Ungeweza kushika kaa la moto. Nikasema, "Lipitishe mdomoni, baba."

Hakuna Mrundi anayemwambia baba mkwe apeleke kitu mdomoni. Kicheko kilikatika. Shangazi Godelive alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama palepale. Na wewe, mbele ya wageni wote wale, ulifumba macho na kulipitisha jani juu ya mdomo wako. Ukarudia. Kisha ukatoka nje na tawi lako, tukakuona kwa dirisha ukitembea kwenye maegesho ya magari, unapita kati ya magari na kurudi.

Wali ulipoa. Floribert alianza kuhesabu makosa yangu kwa sauti ya chini. Nilisikia Jeanine analia chumbani, na mdogo wake, Evelyne, anamnyamazisha. Shangazi Godelive alikuja mpaka nilipoketi, akaniambia kwamba wanaume wa kwao wote walikufa wakabaki yeye na kaka yake, na kwamba hakunipikia kuku ili nije kumwaibisha kaka yake nyumbani kwake. Nilifungua tai.

Uliporudi hukunitazama. Uliliweka tawi kwenye ndoo pamoja na yale mawili, ukakaa kitini pako, ukasema, "Mleteni binti."

Ndivyo nilivyompata Jeanine. Wewe nilikuwa bado sijakupata. Mwaka mzima ulikuwa ukipiga simu Buffalo, na nikipokea mimi ulisema, "Habari za huko," nami nikisema nzuri, unasema, "Nipe mwenye simu." Floribert alinifariji kwamba hata hiyo ni salamu. Mimi niliona umenipa binti kwa sababu ulitoa neno mbele ya watu, na mtu wa neno hulimeza hata likiwa na mwiba. Sikukulaumu. Ila kila ulipokata simu nilikaa nayo mkononi kidogo.

Kisha akazaliwa Imani wetu, na ukaja kwa basi kumwona, na begi lenye unga wa muhogo na vitenge vya mtoto. Majani ya Buffalo yalikuwa yanageuka rangi. Ulimshika mtoto ukamwimbia, ukala, ukalala. Siku ya pili, bila kunitazama, uliniuliza kama yule Mzungu wangu wa msituni bado yuko. Nikakuambia yuko, na ameshanielekeza mahali.

Tulikwenda sisi wawili, kusini kuipita Lackawanna, mpaka vilima vinapoanza. Ulikuwa umevaa jaketi langu la kazini, mikono imekuzidi. Tulipanda polepole kwa ajili ya goti lako. Walt alikuwa ameniambia nisitafute mti mkubwa, maana mti mkubwa haupo, nitafute kisiki. Na tukakikuta, kisiki kipana kimeoza katikati, na pembeni yake machipukizi yamesimama kama watoto wa nyumba moja. Mizizi haifi, ndivyo ulivyo ugonjwa ule. Unaua mti juu, chini unaacha, mizizi inatoa vichipukizi, vinakua mpaka ugonjwa uvione, vinakufa, vinatoka vingine. Chipukizi kubwa lilikuwa limepita urefu wetu mara kadhaa. Gome lake lilikuwa tayari limepasuka upande mmoja, na ndani ya mpasuko rangi ya chungwa ya ile kuvu. Lakini lilikuwa limezaa.

Ulichuma jani kabla sijasema neno, ukaligeuza, ukalipitisha mdomoni. Ukasubiri. Kisha ukacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwako, cha kitoto, cha mabega. Ukanipa jani na mimi. Lilikuwa tupu kabisa. Ukakagua vitumba vyake, vyembamba vilivyochongoka, na kijiti chekundu kisicho na kinyweleo. Tulipasua maganda kwa viatu tukapata kokwa chache, ndogo mno, kila moja na ncha yake na manyoya kichwani. Tukazimenya na kuzitafuna mbichi. Zile kubwa za Kichina za dukani ulizozoea kununua ni wanga mtupu ukilinganisha. Hizi zilikuwa na utamu wa karoti ya shambani.

Ukakaa juu ya kisiki, ukaniambia habari za Mtabila, kwamba uliotesha miche mingi kuliko watu wa kambi, na kambi ilipofungwa hukujua mingapi ilisimama. Ukasema hakuna mti hata mmoja duniani ambao uliupanda na kuuona ukizaa. Ndiyo maana ulipoupata ule wa nyuma ya kiwanda uliushika namna ile. Nikakuomba radhi kwa siku ya Whitehall. Ukatikisa kichwa.

"Siku ile nilitoka nje kutafuta uongo wa kuwaambia watu," ulisema. "Nikautafuta kwenye magari yote. Nikaukosa. Nikarudi."

Basi. Kuteremka uliniegemea bega kwa sababu ya goti. Nilingoja neno moja, lile nililolifuata Louisville, njia yote mpaka gari, hukulisema. Kwenye gari uliniuliza, "Wewe Mkongomani, una betri ya simu? Nimwambie Godelive tumeuona." Na nilifurahi hivyo hivyo, sikatai, ila nilikuwa na umri wa kutosha kujua nimepewa kiasi gani.

Baada ya hapo tulizungumza kila wiki, unakumbuka, na mara nyingi Jeanine alisahauliwa kabisa. Uliendelea kuutunza ule mti wa kiwandani, ukiuita chotara wangu, ukawapeleka tena watu wote uliowapeleka mwanzo ili uwarekebishe mmoja mmoja. Nani mwingine angefanya hivyo? Kisha majira ya baridi yakaja na kifua chako, na hospitali, na ule upesi ambao bado naukasirikia. Tulifika Louisville umeshanyamaza. Nilikaa upande wa miguu yako kwa sababu upande wa kichwa ni wa watoto.

Sasa habari yenyewe. Evelyne ameposwa. Mchumba ni kijana wa watu wa Makamba, huko Burundi, yuko Columbus, anafanya kazi kwenye ghala la nguo, mpole kuliko mimi, kwa hiyo ungempenda upesi. Tatizo likawa nani atasimama upande wa binti. Ndugu zako hawapo. Watu walifikiri atatafutwa mzee wa kanisa, Mrundi mwenye mvi, na mimi nilishajiandaa kubeba viti.

Shangazi Godelive akanipigia simu. Alianza kwa kulalamika kuhusu theluji, akalalamika kuhusu wajukuu wasiojibu kwa Kiswahili, halafu akasema kwamba ulipokuwa hospitalini ulimwagiza. Alisema ulisema: Evelyne asemewe na wa Buffalo. Yeye alikukatalia, akakukumbusha kwamba mkwe hawezi kusema upande wa nyumba, kwamba hilo halijawahi kuonekana. Nawe ukamjibu kwamba umechoka, hutaki mabishano, na umeshasema.

Nilikaa kwenye ngazi za nje ya nyumba baada ya simu ile. Jeanine alitoka akanikuta, akaketi, hakuniuliza kitu. Mara moja moja naye hujua kutouliza.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Whitehall, sebule ile ile. Nilikaa kitini pako, baba, na kiti kilikuwa kikubwa. Mshenga wao alikuwa mzee mmoja wa Kirundi, mtaalamu, sauti nzito. Alinisikiliza nikiwakaribisha, akageuka kwa watu wake, akatabasamu. "Kabla hatujaendelea," alisema, "tunaomba kujua tunaongea na nani. Maana sauti hii tunayoisikia ni ya Kongo."

Watu walicheka, bila ubaya. Nami nilikuwa nimeandaa jibu la mzaha, Floribert alinipa matano. Yote yalinitoka. Nikasema, "Mnaongea na mtoto wa nyumba hii."

Nikamtazama shangazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki wa damu yako na yeye ndiye angeweza kunikanusha. Alijifunga kitenge chake upya, taratibu, ncha kwa ncha, kisha akamwambia yule mzee:

"Mmemsikia mtoto wa kaka yangu. Endeleeni."

Nilisema yote niliyopaswa kusema, baba, na sijui nilisema nini. Evelyne ametolewa vizuri. Lala unono huko Louisville. Majani yakitoka nitakuja na Imani, tukukalie kidogo.

Mwanao